Tuijenge Keroka Kwanza Kwenye Kompyuta

Wewe wa Nyansiongo uliyeshinda ukichuma majani chai, wewe mama uliyekwisha kufunika nyanya zako pale Daraja Mbili, na wewe mwana boda unayesubiri abiria wa mwisho hapo Kebirigo, sogeeni karibu na redio. Leo tuzungumze kuhusu gemu.

Najua kuna mzazi ameshaanza kuguna. Gemu ndizo zinazowakosesha watoto usingizi, na zipo zile za kubahatisha ambazo zimemfanya kijana mzima auze kuku wa mama yake. Hizo sizitetei. Hii ninayoizungumzia haina bunduki wala dau. Mchezaji hupewa kipande cha ardhi na fedha za kuanzia, kisha huachiwa kazi moja: ajenge mji, na watu waweze kuishi humo. Atachora barabara. Atatenga mahali pa makazi, pa maduka na pa viwanda. Atavuta maji na umeme, ataweka shule, zahanati na zimamoto, kisha atatoza kodi ya kulipia yote hayo. Akivurunda, watu wanafungasha na kuhama.

Aliyezipa umaarufu gemu za namna hii ni Mmarekani mmoja, Will Wright. Mwaka 1984 alitoa gemu ya helikopta ya kivita inayolipua visiwa. Wakati anaitengeneza, akaona kwamba kuvichora vile visiwa, na barabara zake na viwanda vyake, kunamnogea kuliko kuvilipua. Akaingia katika vitabu vya wapanga miji, kikiwemo cha profesa Jay Forrester wa chuo cha MIT kilichotoka 1969, kinachoueleza mji kwa hesabu: ukigusa nyumba umegusa ajira, na ukigusa ajira umegusa kodi. Wafanyabiashara wa gemu walisita. Nani atanunua gemu isiyo na mshindi? SimCity ikatoka 1989, na ikanunuliwa dunia nzima. Siku hizi iliyotamba zaidi ni Cities: Skylines ya kampuni ya Finland iitwayo Colossal Order. Ilipotoka Machi 2015 kampuni hiyo ilikuwa na watu 13 hivi, na mwezi mmoja haukupita kabla ya nakala milioni moja kununuliwa.

Mtaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Kisii na Nyamira? Yanatuhusu kwa sababu sisi tunaishi mjini tayari, ila hatujakubali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kwa Kisii hao ni zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba, na kwa Nyamira ni kama 675, ukijumlisha mashamba yote ya chai, migomba na mikaratusi ya bondeni. Huko tunakokuita mashambani, tembea kutoka njia panda moja hadi nyingine uhesabu: duka, kinyozi, kinu cha unga, kanisa, shule, duka tena. Ni mji uliojificha ndani ya migomba, na unakua kila mwaka bila mtu kuuchora.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Mchoro wa mji unapaswa kuwa kitu ambacho mwananchi wa kawaida anaweza kukishika, kukigeuza, hata kukibomoa, kabla saruji haijamwagwa. Gemu hizi zimetuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, tena kwa gharama ndogo.

Basi tujaribu pamoja. Tuchukue Keroka, mji ulioketi kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, mji ambao kila mmoja wetu ameupitia akiwa ndani ya matatu.

Kwanza tunahitaji vilima. Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada miinuko na mabonde. Vipimo hivyo viliwekwa wazi, kila mtu avichukue bure. Milima yetu imo: ukingo wa Manga, kilele cha Kiabonyoru, Nyanchwa inayoutazama mji wa Kisii. Kijana wa Keroka mwenye kompyuta huchukua picha ya miinuko hiyo, ambayo ni nyeupe palipo juu na nyeusi palipo chini, akaiingiza katika Cities: Skylines. Gemu hupokea eneo la kilomita 17 na kidogo kwa upana na kwa urefu. Anabonyeza, anasubiri, na vilima vya Gusii vinajitokeza kwenye skrini vikiwa vitupu, bila nyumba, bila shamba, bila mtu.

Sasa avute barabara. Wengi huanza kwa mistari iliyonyooka, mtaa huu na mtaa ule, kama katikati ya Nairobi. Vilima vinakataa. Mstari unageuka mwekundu na gemu inamwambia mteremko umezidi. Akilazimisha kwa kusawazisha ardhi, anapata kuta za udongo ndefu kuliko nyumba. Mwishowe anaipitisha barabara kwenye mgongo wa kilima na kuishusha bondeni kwa kuizungusha. Hapo ndipo anapong'amua kwa nini barabara zetu nyingi za zamani zinafuata migongo ya vilima, na mashamba yanateremka kutoka barabarani hadi mtoni kama vipande vya kanga vilivyoanikwa. Waliopita kwanza walikuwa wameipima nchi kwa miguu.

Halafu yanakuja maji. Katika gemu hii mto unatiririka kwelikweli. Mchezaji anaweka pampu ya kuvuta maji safi, na mbele anaweka bomba la kutoa maji machafu. Mchezaji mgeni huviweka popote penye nafasi. Ikitokea bomba la maji machafu likawa upande wa juu wa mto na pampu upande wa chini, baada ya muda alama za wagonjwa zinaanza kuchomoza juu ya paa za nyumba, moja, mbili, kisha mtaa mzima. Zahanati inajaa. Watu wanahama. Hakuna aliyemhutubia kuhusu mazingira, ila hatarudia.

Mnaoishi mjini Kisii mnaujua Mto Nyakomisaro unaopita katikati ya mji. Mnajua pia kwamba kila mto wetu una watu upande wa chini, wanaochota na kunywesha ng'ombe, na kwamba maji ya vilima hivi huishia Ziwa Victoria. Ningependa siku moja kila anayeidhinisha jengo la ghorofa kando ya mto akalishwe mbele ya skrini hiyo kwa nusu saa, ajenge, aone alama zikichomoza.

Baada ya maji, magari. Gemu inaupaka rangi nyekundu kila mtaa wenye msongamano. Mchezaji anapanua barabara, anaongeza njia, na wekundu unabaki palepale, kwa sababu shida ilikuwa kwenye makutano. Kila gari linapelekwa sehemu moja. Na sisi je? Lori linalotoka Isebania kwenda Kisumu, basi linalotoka Keroka, mwana boda anayempeleka mtoto shule, mkokoteni wa ndizi na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya rufaa, wote wanakutana mjini Kisii. Ukiona jambo hilo kutoka juu, kama ndege, hutamlaumu tena askari wa trafiki peke yake.

Lakini Keroka ina la ziada ambalo gemu hailifahamu. Mpaka wa Kaunti ya Kisii na Kaunti ya Nyamira unapita hapo hapo mjini, na kwa miaka mingi kumekuwa na mvutano kuhusu nani akusanye ushuru kwa nani. Katika gemu meya ni mmoja. Keroka ina serikali mbili, na mama mboga mmoja anayeuliza ushuru wake unakwenda wapi. Tuseme mtaro wa maji ya mvua unaanzia upande huu wa mpaka na kumwagika upande ule. Nani atauchimba? Nani atauzibua? Fungua ramani, chora mpaka, mwaga mvua yetu ya Aprili, na viongozi wa pande zote mbili watazame maji yanakokwenda. Mzozo wa mpaka uachiwe wenye mamlaka ya kuuamua. Mtaro unaweza kukubaliwa wakati wowote.

Wasikilizaji, nisije nikaonekana nimelewa gemu. Zina kasoro, na kasoro zenyewe zinafundisha.

Ya kwanza ni ardhi. Ndani ya gemu ardhi haina mwenyewe. Meya akitaka kupitisha barabara anabomoa mtaa kwa kubofya, na hakuna fidia, hakuna kesi, hakuna kaburi la babu. Huku kwetu robo ekari ina hati ya marehemu mzee, ina wana wanne, na kila mmoja amepanda nyasi za mpaka. Mpango wowote usioanzia hapo ni ndoto za mchana.

Ya pili ni maegesho. SimCity mpya ilipokuwa ikitayarishwa kwa ajili ya 2013, mmoja wa wabunifu wake wakuu, Stone Librande, alipima maegesho ya magari katika miji halisi ya Marekani, akashtushwa na ukubwa wake. Wangeyaweka yote kwenye gemu, mji ungekuwa uwanja wa magari na mchezo ungechosha. Wakayapunguza, wakajifanya kwamba mengine yako chini ya ardhi. Kwa hiyo mji wa kwenye skrini unapendeza kwa sababu kuna vitu vimefichwa. Nasi tunazijua picha nzuri za kompyuta zinazobandikwa kwenye mabango: soko jipya, stendi mpya, miti, watu watatu wanatembea wakitabasamu. Steji ya boda iko wapi katika picha hiyo? Vibanda viko wapi? Mahali pa kutupa maganda ya ndizi je?

Ya tatu ni mgawanyo wa maeneo. Gemu imerithi desturi ya Marekani ya kutenga makazi huku, maduka kule na viwanda mbali. Fundi wetu wa kushona anaishi nyuma ya cherehani yake. Mama anauza mandazi mlangoni. Na gemu haijui siku ya soko, siku ambayo barabara iliyokuwa tupu jana inafurika watu, ndizi, mitumba na kuku tangu alfajiri. Mchora mji asiyeihesabu siku hiyo atatuachia soko la matofali lililo tupu, na wachuuzi barabarani.

Kasoro ya nne ndiyo kubwa, nayo ni kucheza peke yako. Mwaka 2010 mwanafunzi wa usanifu majengo wa Ufilipino, Vincent Ocasla, aliuonyesha ulimwengu mji alioujenga katika SimCity 3000, akauita Magnasanti. Ulikuwa na watu milioni sita. Hakuna barabara iliyoziba, kwa kuwa barabara hazikuwepo. Watu walisafiri kwa treni za chini ya ardhi. Uhalifu ulikuwa umedhibitiwa. Kwa hesabu za gemu, alikuwa ameshinda. Lakini hewa ilikuwa chafu, hakukuwa na shule wala hospitali, na wakazi wake hawakuvuka miaka hamsini. Ocasla mwenyewe alikusudia uwe onyo. Meya mmoja, asiyeulizwa na mtu, anaweza kutimiza kila takwimu na bado akajenga jela.

Ndiyo maana natilia mkazo kushirikiana. Hata wachezaji wenyewe hawachezi kwa siri. Anayetengeneza ramani ya mji wake huiweka mtandaoni, mwenzake wa Brazil au Poland akaichukua bure, akaipanua, akamwonyesha makutano yanayomshinda. Wapo wanaochonga jengo moja tu, kituo cha treni au ghorofa ya mtaani kwao, na baada ya siku chache jengo hilo limesimama katika maelfu ya miji. Sioni kwa nini kibanda cha mabati cha Nyamira, kituo cha kununulia majani chai, au karakana ya mchonga mawe wa Tabaka visiwemo. Kijana wetu akivichonga, mji wa kwenye skrini utaanza kufanana na sisi.

Na kuna waliokwisha kuvuka kutoka mchezo hadi ujenzi wenyewe, tena hapa hapa Kenya. Mwaka 2012, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, lenye makao yake Gigiri, lilishirikiana na waundaji wa gemu ya Minecraft kuanzisha mradi uitwao Block by Block. Minecraft ni gemu ya matofali ya mraba, na kila tofali huhesabiwa mita moja. Mtaro wa mita moja ni tofali moja. Benchi ni matofali mawili. Nairobi mradi huo uliwafikia watu wa Kibera na Dandora, na tangu hapo umekwenda katika nchi zaidi ya 30.

Sikilizeni wanavyofanya. Kwanza watu wanatembea mahali penyewe: hapa pana giza usiku, hapa maji yanatuama, hapa wasichana hawapiti. Kisha wanakaa kikundi cha watu wachache kwa kila kompyuta, kijana na mzee, mchuuzi na mwanafunzi. Wengi hawajawahi kushika kompyuta, na siku ya kwanza kijana ndiye mwalimu. Mzee anasema, "Weka taa pale," na kijana anaweka. Mama anasema, "Hapana, hapo ndipo ninapouzia," taa inasogezwa. Mwishoni kila kikundi kinasimama mbele ya maofisa na kueleza mchoro wake, wanajadiliana mpaka wakubaliane, na wasanifu wanauchukua kuugeuza kuwa mchoro wa ujenzi. Mtu aliyekuwa ananyamaza mkutanoni anapata la kuonyesha kwa kidole.

Linganisheni na mikutano yetu. Katiba ya 2010 imetaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria ya miji ya 2011 imeweka mabaraza ya wakazi. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, tena wenye ramani za kompyuta. Sheria ipo. Lakini mkutano wenyewe mnaujua: kitabu kinene cha Kiingereza mezani, ofisa anasoma kwa haraka, soda inagawiwa, mnatia sahihi kwenye orodha, mnarudi nyumbani. Kesho yake inaandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa.

Kuna atakayesema, kompyuta zenyewe ziko wapi? Kweli, Cities: Skylines inahitaji mashine yenye nguvu. Minecraft inaridhika na mashine ya kawaida, na iko inayofanana nayo, Luanti, iliyojulikana zamani kama Minetest, ambayo ni ya bure kabisa. Kompyuta tano na projekta moja zinatosha wadi nzima kwa juma moja. Kisii National Polytechnic ipo, Chuo Kikuu cha Kisii kipo, na vijana wanaojua kazi hii wamejaa kwenye saiba zetu wakichapisha fomu za watu. Na pale umeme ukipotea, kama unavyopotea, tengenezeni vilima kwa katoni na nyumba kwa vibiriti. Penye wengi hapaharibiki neno, ilmradi hao wengi wapewe kitu cha kushika.

Basi nina maombi matatu. Kwa idara za mipango za kaunti zetu mbili: anzieni Keroka, pamoja, kwa jambo dogo lisilohitaji kwanza mpaka uamuliwe. Mtaro mmoja, steji moja ya boda, taa za soko. Kwa walimu: mtoto anayejenga miji kwenye simu msimnyang'anye tu, mwambieni ajenge njia panda ya kwao, aeleze maji ya mvua yanakwenda wapi. Kwa vijana: mji wenu msiufiche ndani ya kompyuta. Uonyesheni kwa mwakilishi wadi, kwa chifu, kwa mama mboga, mkubali kukosolewa.

Na wewe msikilizaji, mkutano wa kupanga mji utakapotangazwa, nenda. Soda kunywa, lakini usitie sahihi kabla ya kuuliza maswali mawili: mchoro uko wapi, na naruhusiwa kuubadilisha? Ukiambiwa hapana, andika hapana mbele ya jina lako.